Alhamisi ya Ustawi

Kampuni ninayofanyia kazi mjini Bariadi inanunua pamba, na mimi ndiye ninayeandaa taarifa zake. Takwimu zinatoka kwa vyama vya wakulima, huko Lingeka na kwingineko, zinafika kwenye simu yangu zimeandikwa na watu wenye haraka, nami nazipanga hadi zionekane zimetoka kwa mtu mwenye akili. Nasema hivyo kwa dharau, na dharau yenyewe inaanzia kwangu. Nimeishia kidato cha nne. Kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa video za kwenye simu, nikisimamisha na kurudisha nyuma mpaka chaji inaisha. Kwa hiyo kila nikituma taarifa kwa wenye shahada zao, naifungua tena baada ya kuituma, halafu tena, nikitafuta kosa litakalowafanya waniulize nilisoma chuo gani. Hawajawahi kuuliza. Hizo taarifa hawazisomi.

Msimu uliopita mwili ukagoma. Moyo ulikuwa unakimbia nikiwa nimekaa. Vidole vinakufa ganzi juu ya kibodi, pumzi inaishia kooni, na mimi nabaki na uhakika kwamba nakufa palepale na jedwali litabaki nusu. Hilo la jedwali ndilo lililoniogopesha zaidi. Hospitalini walinipima presha, sukari na malaria, kisha wakanipeleka kwa daktari wa afya ya akili ambaye anaona wagonjwa Alhamisi asubuhi tu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema hofu yangu ni ugonjwa unaojulikana na unatibika, ila nifike kila Alhamisi kwa miezi kadhaa bila kuruka.

Nilimpigia mama, yuko Lalago.

"Kazini mnapigwa?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Mnabeba magunia?"

"Hapana. Nakaa kwenye kiti."

"Kiti." Nikasikia ng'ombe nyuma yake. "Basi nenda kwa huyo daktari, ng'wanone, mwanangu. Ila shangazi yako usimwambie, atasema umetupiwa kitu."

Yalikuwa maneno ya maana ya mwisho kuyasikia kwa muda mrefu.

Meneja wetu ni mtu wa semina. Ofisini kwake mabegi ya semina yamejaa hadi juu ya kabati, na kila neno alilolisikia huko analitumia mpaka lichakae. Nilimwendea nikiwa nimekariri ombi langu kama shairi la shule.

"Alhamisi asubuhi tu, bosi. Saa sita nakuwa mezani."

"Unaumwa nini hasa?"

Nikamwambia.

"Mdogo wangu, wewe huumwi. Wewe unajituma. Mume huna, mtoto huna, hayo mawazo unayatoa wapi?"

Mhasibu, aliyekuwa mlangoni akisubiri saini, akacheka. "Mawazo ya kizungu hayo, bosi. Sisi kwetu ukiwaza sana unapewa jembe."

Mhasibu huyo hajashika jembe tangu azaliwe. Kucha zake ni safi kuliko zangu.

"Ngoja nilifanyie kazi," meneja akasema.

Kulifanyia kazi kulikuwa ni kuunda kamati, wiki hiyo hiyo. Iliitwa Kamati ya Ustawi wa Wafanyakazi, mwenyekiti wake mhasibu, na kwa kuwa wageni wa makao makuu walikuwa wanakuja kutoka Dar, kamati ikaamua tuwe na Siku ya Ustawi. Tutavaa fulana, tutavuta kamba, tutakula pilau ya mbuzi, tutafundishwa kuwa na furaha. Kilichobaki ni bango, na bango likaletwa kwenye meza yangu.

"Mchapaji analitaka kesho mchana," mhasibu akaniambia. Kesho ilikuwa Alhamisi. "Wewe ndiye fundi wetu."

Sikumkatalia. Nililala nikijiambia nitalimaliza asubuhi mapema kisha niende hospitali, na asubuhi nikakaa mbele ya kompyuta nikisogeza neno AKILI kushoto kidogo, kulia kidogo. Nikabadilisha kijani cha majani kuwa kijani cha dawa, nikakirudisha. Muda wa kliniki ukapita huku naupima ukingo wa herufi. Hakuna aliyenishikia panga. Niliruka matibabu ya akili ili niandike AFYA YA AKILI KWANZA, na nilipoliona limetundikwa nilijisikia fahari. Siwezi kuwadharau watu wa ofisi yangu bila kulitaja hilo.

Siku yenyewe, Jumamosi, akaletwa mhamasishaji kutoka Mwanza, suti ya buluu, kipaza sauti mdomoni kama ice cream.

"Mgeukie jirani yako," akaamuru, "mwambie: jirani, nina furaha!"

Mtunza stoo akamgeukia dereva. "Jirani, nina furaha."

"Jirani, mimi nina njaa," dereva akajibu. "Huyu anamaliza saa ngapi?"

Tukaamriwa kucheka. Tukacheka. Tukaamriwa kucheka kutoka tumboni, na watu wazima wenye familia wakashika matumbo yao juani. Kisha meneja akachukua kipaza sauti, akaniangalia, nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Tuna binti yetu hapa," akawaambia wageni, "anasumbuliwa na akili. Lakini anachapa kazi. Simama, mama. Wenzangu, tumpigie makofi ya kilo!"

Nilisimama. Wakapiga makofi, pa, pa, pa, kwa pamoja kama tunavyopiga kwenye harusi. Kuna waliokuwa hawajui, na sasa walikuwa wananiangalia miguuni, sijui walitegemea kuona nini. Nikapewa kipaza sauti nishukuru.

"Naomba ruhusa ya Alhamisi asubuhi," nikasema, "niende kliniki."

Wageni wakamgeukia meneja. Alitabasamu kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Umepata. Tena si wewe peke yako. Kuanzia wiki ijayo, kila Alhamisi asubuhi, ofisi nzima, kipindi cha ustawi. Hakuna kukosa. Na mratibu wake ni huyu huyu binti yetu."

Pa, pa, pa.

Nilimfuata penye sahani za pilau. "Bosi, kliniki ni Alhamisi hiyo hiyo, asubuhi hiyo hiyo."

"Sasa kliniki ya nini tena, mdogo wangu, na ustawi tumekuletea hapa hapa?"

Hakuwa na hila. Ningependa angekuwa nayo, ningejua pa kumkamatia. Alikuwa ameridhika kabisa, mchuzi kwenye kidevu.

Alhamisi iliyofuata nilisimama mbele ya ofisi nzima na slaidi nilizoziandaa vizuri kuliko zilivyostahili. Meneja alikuwa amepiga simu kwamba atachelewa, tuanze. Mhasibu aliingia na chapati mkononi, akauliza chai iko wapi. Nikafika kwenye slaidi ya dalili za uchovu kazini: moyo kwenda mbio, ganzi, pumzi fupi. Zikaanza kunijia zote, kwa mpangilio ule ule niliokuwa nimeupanga.

"Slaidi inayofuata, mratibu," mhasibu akasema huku anatafuna.

Nikamsogezea kompyuta.

"Unaenda wapi?"

"Kliniki."

"Na sisi je?"

"Mna shahada. Someni."

Nilipanda bodaboda hadi hospitali, nikawa wa mwisho kwenye benchi. Simu ya meneja iliita njia nzima, ikaendelea hata kwenye benchi, na sikuwa na ujasiri wa kuizima, niliilaza tu kifudifudi mapajani. Daktari aliponiita aliuliza kwa nini wiki iliyopita sikufika. Nikamweleza habari ya bango. Nilitaka acheke, ningecheka naye, lingeisha.

"Lilikuwa zuri?" akauliza.

"Zuri sana," nikasema, nikaanza kulia.

Nilipewa onyo. Kipindi cha ustawi sasa kinaendeshwa na mhasibu, na nasikia wanakunywa chai na kuangalia mpira kwenye projekta. Meneja ananisalimia kwa sauti ya mtu aliyetendewa ubaya. Mkataba wangu unakwisha msimu ukiisha, na kwa jinsi wanavyonikwepa sitegemei kuongezewa. Nikiliwaza hilo moyo unaanza tena mbio zake. Alhamisi naenda hivyo hivyo, nimewahi, nakaa mwanzo wa benchi.