Jirani na Paa la Gari Lake

Jirani yetu ana gari ambalo paa lake hufunguliwa likaondolewa zima zima, na kwa miaka mingi sisi wa mtaani ndio tuliokuwa winchi yake ya kulinyanyua. Akisikika tu anapiga mluzi karibu na gereji yake, wanaume wazima tulikumbuka ghafla kwamba tuna shughuli mjini. Basi mwaka huu akaamua kujitegemea. Alifunga kapi kwenye boriti za gereji, akapitisha kamba, huku akizibembeleza bolti za kapi kwa sauti ya kumlaza mtoto: "Ingia mama, ingia taratibu." Kila alipomaliza kukaza, aliidandia kamba yeye mwenyewe kuijaribu, miguu ikipapatika hewani na kitambi kikichungulia chini ya shati, kisha akashuka na kukaza upya.

Siku ya majaribio paa lilipanda kimya kimya, likatulia hewani. Tukapiga makofi. Mkewe akaja na chai, akitaka kupita kando ya gari, chini ya paa hilo.

"Subiri kwanza, mama watoto," akamzuia, na safari hii hakuwa na mzaha. Akaingia garini peke yake, akakaa kwenye kiti cha dereva, paa likining'inia juu ya upara wake, akafumba macho.

"Wewe baba, toka humo!" mkewe akapiga kelele.

"Kama litaanguka," akajibu bila kufumbua macho, "liniangukie mimi niliyelifunga."

Alikaa humo mpaka chai ikapoa. Ndipo akatoka, akamshika mkewe mkono, wakapita chini ya paa wote wawili.