Mtaa wa Alizeti Umenyamaza

Jumatano, saa kumi na moja na robo jioni, mashine ya mwisho ya kukamua alizeti mtaani kwetu ilizimwa. Nimeanza kuandika hapo hapo, nimekaa mlangoni. Najua mtacheka: msichana wa kidato cha nne naye ana "enzi zetu". Ninazo, na zimeisha leo.

Enzi zetu, sisi tuliokulia nyuma ya mashine za mafuta hapa Dodoma, hatukuamshwa na jogoo. Mkanda wa mashine ulianza kuzunguka, ukuta ukatetemeka, vikombe vikagongana kabatini, tukaamka. Shuka zilianikwa nyeupe zikaanuliwa za kijivu. Mitaro ilikuwa myeusi, na harufu ya alizeti iliingia mpaka kwenye madaftari. Mwalimu alilijua la kwangu bila kusoma jina. Malori kutoka Mlali yakishusha magunia, tulicheza kombolela katikati yake, tukatoka na maganda kichwani, tukachapwa, tukarudi. Kiporo cha ugali wa uwele tulikichovya kwenye mafuta yaliyotoka mashineni, bado ya moto. Mdogo wangu wa darasa la pili anaamini mafuta huzaliwa dukani, ndani ya chupa, yakiwa yameshavaa kifuniko.

Baba ndiye aliyeendesha mashine kubwa. Mle ndani hakuna aliyesikia, kwa hiyo watu waliongea kwa mikono. Bosi akija walijishika tumbo, maana lake lilimtangulia. Mimi ni mwoga wa watu. Darasani nikiulizwa swali sauti inabaki kooni. Lakini kule kelele zilinificha. Nikipeleka chakula cha baba nilisimulia habari zote za shule kwa mikono, mpaka wapakiaji wakatua magunia wacheke. Siku moja umeme ulikatika, na mmoja wao, kwa mazoea ya kupaza sauti, akapiga ukelele kwenye kimya, "We Neema! Nyumbani bubu, huku mbunge!" Mtaa mzima ulisikia. Nilikimbia.

Mama akilalamika, baba alisema, "Iacheni ipige kelele, ndiyo inayotulisha." Ilitulisha huku ikimla masikio. Tuliona redio ikipandishwa sauti kila mwaka. Tuliona baba akiitikia "marahaba" mtu aliyemwambia "kwaheri". Tulicheka, na yeye alicheka na sisi, bila kujua tunacheka nini.

Kisha watumishi wa serikali wakahamia huku, na kiwanja kikawa na thamani kuliko alizeti. Jengo moja la mashine likawa duka la vigae, lingine likavunjwa, pakaota ghorofa la vioo. Bosi, mwenye mashine aliyoendesha baba, mzee kutoka Kolo, alivumilia mpaka mafuta ya chupa yakamshinda kwa bei. Ameuza kiwanja. Leo alimshika baba mkono, akaondoka.

Baba ameingia sasa hivi, amekaa.

"Kesho nakwenda kule kwenye vioo, wanatafuta mlinzi. Neema atanisindikiza."

"Baba Neema, wakikuuliza maswali je?" mama akasema.

"Hapana, chai inatosha."

Mama amegeukia ukutani. Akiikosa hiyo kazi, nyumba hii ya kupanga tunaiacha mwisho wa mwezi, tunahamia Zuzu kwa bibi. Zamani mtaa huu ulikuwa mchafu na wenye kelele, na kila baba alikuwa na kazi. Sasa ni msafi. Shuka zitabaki nyeupe. Nasikia hata kalamu yangu.

Alhamisi. Nimempigia baba pasi shati, tukaenda. Msimamizi alikuwa kijana mwenye redio ya upepo kiunoni. Alimwamkia baba vizuri, kisha akauliza huku akitazama simu, "Mzee, geti likigongwa usiku utasikia?"

Baba akatabasamu. "Naam, hata leo naanza."

Kijana akanitazama mimi. Sikuweza kudanganya, wala kusema kweli. Nilitazama viatu vya baba, jinsi alivyovisugua.

"Pole, dada," akasema taratibu. "Mrudishe mzee. Siwezi."

Baba alikuwa bado anatabasamu, anasubiri swali linalofuata. Nikamsogelea sikioni, nikapaza sauti mpaka watu barabarani wakageuka:

"Baba, amekataa! Twende nyumbani!"