Neno Moja kwenye Barua ya Mdogo Wangu

Nilikuwa nafundisha Kiingereza sebuleni kwetu, mtaa wa Mutakura, jioni tatu kwa wiki. Wanafunzi wangu walikuwa wafanyakazi wa serikali na wachuuzi waliotaka kufanya biashara ng'ambo ya mpaka. Mimi mwenyewe sikuwahi kuishi kwenye nchi ya Kiingereza hata siku moja. Nilisoma kwa Kifaransa tangu utoto, kisha nikajifunza Kiingereza kwa kukiegemeza juu ya Kifaransa. Maneno mengi yalifanana, nikayaamini.

Mdogo wangu aliomba nafasi katika shule ya uuguzi Uganda. Barua ilipoingia kwenye simu yake alinifuata jikoni.

"Dada, nisomee. We ndiye mwalimu."

Barua ilisema nafasi yake itathibitishwa "eventually", na kwamba atume vyeti vyake halisi kabla ya mwisho wa mwezi. Neno lile nikalisoma kama "éventuellement" ya Kifaransa, yaani labda, ikitokea.

"Hawajakukubali," nikamwambia. "Wanasema labda."

"Labda tu?"

"Labda tu. Hawaahidi kitu."

Alifikiri kidogo. Diploma yake alikuwa ameihangaikia karibu mwaka mzima, ofisi hadi ofisi. "Niitume kwa mutu anayesema labda? Apana. Na ikipotea?"

Ningeweza kumwambia aitume. Nilimwambia tungoje, huenda wakaandika tena.

Waliandika tena. Safari hii hakuja mbio. Waliandika kwamba vyeti havikufika, kwa hiyo nafasi aliyokuwa ametengewa amepewa mwingine. Aliyokuwa ametengewa. Hapo ndipo nilipoingia chumbani, nikafunga mlango na kufungua kamusi. "Eventually": hatimaye, mwishowe; jambo ambalo litatokea tu, hata likichelewa.

Nilikaa na aibu yangu siku tatu kabla ya kumwambia. Wakati huo alikuwa ameshaanza kuuza vitenge soko la Jabe, kwenye duka la mama mmoja. Nilimkuta akikunja vitambaa, nikamweleza pale pale amesimama.

"Kamusi ulikuwa nayo?" akaniuliza.

"Nilikuwa nayo."

"Basi kwa nini hukuifungua?"

"Nilifikiri najua."

Hakulia. Aliendelea kukunja, pembe juu ya pembe. "Wao walisema ndiyo," akasema. "Ni we ndiye ulisema labda."

Aliomba tena mwaka uliofuata. Hawakumjibu.

Darasani nilijisahihisha mbele ya watu. Niliwaambia "eventually" niliwafundisha vibaya. Nikawaambia "actually" si "actuellement": ile ni kwa kweli, hii ni kwa sasa. Nikawaambia Mfaransa akisema "demander" anaomba, lakini ukimwandikia Mwingereza "I demand" umemdai kama unayemwamrisha. Karani mmoja akacheka: "Mwalimu, si ni maneno tu?" Nilitamani kumtoa nje. Wengi wao hawakurudi, na sikuwalaumu. Nani amlipe mwalimu anayefuta ubao wa miaka minne?

Watu husema muda huponya. Kwetu muda umetufundisha adabu tu. Tunasalimiana, tunapika pamoja, tunakwenda kanisani benchi moja.

Mwezi uliopita baba aliletewa dawa za tumbo kutoka Tanzania, maelezo yote kwa Kiingereza. Alininyooshea boksi kama zamani. Nikasoma polepole, kila neno, mara mbili. "Anywe kabla ya kula," nikasema, "tumbo likiwa tupu."

Mdogo wangu akanyoosha mkono, akalichukua boksi mkononi mwangu.

"Baba, ngoja kwanza. Nampelekea mutu wa farmasi."

Baba alinitazama, kisha akatazama chini. Mdogo wangu alirudi na boksi lile lile mkononi.

"Kabla ya kula," akasema, akimmiminia baba maji. Mimi hakunitazama. Baba akameza kidonge chake, nami nikaenda kuepua maharage.