Nilizama Asubuhi, Nikapaa Alasiri

Assalaam aleikum nyote, na mnaosalimiana kwa namna nyingine, nawasalimu kwa namna yenu. Naitwa Athmani, mzaliwa wa Kibokoni, mume wa Mwanaisha na mtoto wa kwanza wa Bi Zuhura. Natembea kwa mkongojo. Mguu wa kushoto bado nauburuza, na nikikaa sana barazani lazima mtu anishike mkono ndipo niinuke. Wanaonijua watawaambia nilikuwa mtu wa majivuno. Hawasemi uongo.

Kazi yangu ilikuwa kuzamia. Nilikuwa nakwangua makombe yaliyoganda chini ya meli, nafungua kamba zilizojizonga kwenye pangaboi, natafuta vitu vilivyoanguka baharini. Hatukuwa na mitungi kama ya watalii. Tulipumua kwa mpira mrefu uliotoka kwenye mashine ya hewa juu ya mashua. Nilikuwa na kifua kipana na nilipenda watu wakione.

Kisha mwenzetu mmoja akafia chini ya meli, mpira wake ulipokatika. Jioni ya maziko mama alinishika mkono mbele ya ndugu zangu wote. "Mwanangu, ukirudi chini ya maji, radhi zangu huna." Nikaapa kuacha, na nikaacha kweli, miezi minne. Halafu nikarudi kwa siri. Nyumbani nilisema nimepewa usimamizi, kwamba nasimama gatini naandika majina ya vibarua. Nguo za kazi nilizifua mwenyewe huko huko, na Mwanaisha akajisifu kwa dada zake kwamba siku hizi mumewe hamletei uchafu.

Ndugu yangu Fadhili, baharia wa Uarabuni, ndiye aliyeleta habari ya helikopta. Alikuja likizo akasema, "Mama amezaliwa kisiwani hapa na hajakiona chote kwa mara moja. Nitampandisha akione." Mama alicheka mpaka akafuta machozi, akakataa, akafikiri, kisha akasema, "Nitapanda Athmani akipanda. Akiwa ubavuni mwangu siogopi." Basi nikakubali. Ningekataaje?

Siku iliyowekwa ilikuwa Jumamosi alasiri. Jumamosi hiyo hiyo alfajiri nikaitwa kazini. Nanga ya meli ndogo ya mizigo ilikuwa imekatika na imelala chini, kina cha pima kumi. Nilizama mara mbili. Mara ya pili mashine ya hewa ilianza kukohoa, nikaogopa, nikapanda haraka kuliko inavyotakiwa. Nilipotoka bega lilikuwa likiwasha. Nikajimwagia maji baridi, nikala mahamri kwa mbaazi Makadara, nikawa nyumbani kabla ya adhuhuri, mtu safi kabisa. Sisi wazamiaji tulikuwa tukikumbushana: ukitoka chini pumzika, usibebe mizigo. Habari za ndege hakuna aliyewahi kuzitaja. Nani katika sisi alikuwa na safari ya ndege siku ya kazi?

Kichochoro kizima kilitoka kutuaga. Bi Salma, jirani wa mlango unaotazamana na wetu, rafiki wa mama tangu wote wawili ni wasichana, alisimama kizingitini na leso yake nyekundu. "Athmani! Leo utatuona sisi siafu! Na huo mwili ulivyonona, hiyo ndege itainuka kweli?" Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Hakusema mashallah, neno la kumkinga mtu na jicho baya. Wakati ule hakuna aliyejali.

Uwanjani rubani alikuwa mwanamke wa makamo kutoka bara, mwenye sauti ya mwalimu. Kabla hajatufunga mikanda alituuliza, "Kuna mgonjwa wa moyo? Kuna aliyezamia majini leo au jana?" Nikafungua kinywa. Mama akanitangulia. "Huyu alikuwa mzamiaji, mama. Alhamdulillahi, ameacha." Akanipigapiga goti kwa fahari. Rubani akanitazama akingoja. Nikaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo nilipoivunja miguu yangu, kwa kichwa.

Tukainuka. Mama alinishika mkono kwa nguvu, kisha akausahau kwa sababu ya alichokiona. Tuliiona Ngome, tukaona feri ikivuka, tukaona ufuo wa Mama Ngina na watu wake wamemwagika kama mchele. Juu ya mapaa ya Kibokoni wanawake walikuwa wakitupungia leso, na moja ilikuwa nyekundu. Mama akalia. "Kumbe ni hiki tu? Umri wangu wote umetosha humu?" Kisha akamwambia rubani, "Panda juu kidogo, mama, nikione chote." Rubani akapanda.

Maumivu yalianza kwenye kiwiko, yakaingia begani, kama mtu anapekecha mfupa kwa msumari. Ngozi ya mgongo ikawasha. Kifua kikabana. Nikakumbuka nilivyopanda haraka kutoka chini asubuhi, nikalikumbuka swali la rubani, nikajua. Sikujua jina la ugonjwa, lakini nilijua umetoka wapi. Mama alikuwa akinionyesha nyumba yetu. "Waiona, Athmani? Waiona?" Nikasema naiona. Sikuiona.

Tulipotua miguu ilikuwa imelegea. Nikasema ni kizunguzungu. Fadhili akanitania kwamba baharia wa gatini hawezi hewa. Kufika magharibi nilikuwa nimeshikilia ukuta kwenda chooni, na mkojo ukakataa kutoka. Jumapili asubuhi nilijaribu kushuka kitandani nikaanguka kifudifudi. Kuanzia kitovuni kwenda chini nilikuwa kama nimeshonewa miguu ya mtu mwingine. Mwanaisha alinifinya paja kwa kucha mpaka damu ikatoka. Mimi niliiona damu tu.

Mama alisema, "Hili ni jicho. Jana wote walikuwa juu ya mapaa." Mwalimu wa madrasa akaja akaandika kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa marashi nikanywa. Kombe sikulidharau na silidharau leo. Lakini nililinywa huku najua ninachokificha, na sijui mtu wa namna hiyo anategemea nini. Nikakandwa kwa mafuta ya moto. Tumbo likazidi kujaa mkojo, likawa la mama mjamzito, nikaanza kulia kwa sauti mbele ya wanangu. Ndipo wakanipeleka hospitali.

Waliniingiza mpira wa mkojo, na ule unafuu siwezi kuueleza. Lakini miguu haikurudi. Usiku ule nilijisaidia kitandani bila kujua. Nilijua kwa harufu. Mwanaisha alinigeuza, akanisafisha, akabadilisha shuka. Nilitamani kufa. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Nililitazama dirisha la wodi nikapima kama mikono yangu ingeweza kunivuta mpaka pale.

Daktari Wekesa alinihoji Jumatatu asubuhi. "Ulianguka?" Hapana. "Ulibeba kitu kizito?" Hapana. "Unafanya kazi gani?" Mama alikuwa amekaa miguuni pangu na tasbihi. "Msimamizi," nikasema. "Gatini." Akaandika. Picha za mgongo zikatoka, hakuna kilichovunjika. Akakuna kichwa, akasema atatafuta ushauri. Mama akamwambia Mwanaisha, nikisikia, "Mimi ndiye niliyesema tupande juu. Tamaa yangu imemuua mwanangu miguu." Akalia kimyakimya, mabega tu yakitikisika. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala.

Neno moja lingemwondolea mzigo ule. Lakini neno hilo lingeninyima radhi zake, na mtu wa kwetu aliyelelewa na mama kama wangu anaweza kukosa miguu, lakini kukosa radhi hajui ataishi vipi. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya pale kitandani. Niliona ni hesabu ya mtoto mwema.

Mchana mama akamkumbuka Bi Salma na ile leso nyekundu, na yale maneno yasiyokuwa na mashallah. Kwetu, anayedhaniwa kutia jicho huombwa maji aliyotawadhia, akaogeshwa nayo mgonjwa. Mama akaenda kubisha mlango wa rafiki yake. Sikuwapo, lakini kichochoro kizima kilikuwapo.

Bi Salma hakuyatoa maji mlangoni tu akarudi ndani. Aliyaleta mwenyewe hospitalini, kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, mikono ya kanzu yake bado imelowa. Alisimama kando ya kitanda changu. Mama hakumtazama.

"Zuhura," akasema, "miaka yote hii wanijua. Lakini ukisema ni mimi, basi ni mimi. Haya maji. Mungu amnyanyue." Akanitazama mimi. "Mwanangu, kama nimekudhuru kwa mdomo wangu, nisamehe."

Mimi ndiye niliyeombwa msamaha. Wakavuta pazia wakanimwagia. Maji yalipita kifuani nikayasikia, yakapita tumboni, yakafika kiunoni yakapotea. Bi Salma akachukua ndoo yake tupu akaondoka, na wanawake waliokuja kutazama wagonjwa wao wakampisha njia.

Sikustahimili zaidi. Mama alipotoka kuswali alasiri nikamwambia Mwanaisha, "Niitie daktari. Mbio." Alipokuja nikamwambia kila kitu, nanga, pima kumi, mashine iliyokohoa, helikopta. Daktari Wekesa, mtu mpole, alinikaripia mpaka wodi ikageuka. "Siku mbili! Na asubuhi nilikuuliza!" Alikuwa ameshatoa simu. Akanieleza akiwa mbioni: ukipanda haraka kutoka chini, hewa hugeuka mapovu ndani ya damu, na ukipaa angani siku hiyo hiyo mapovu huzidi kuvimba. Yalikuwa yamekaa kwenye uti wa mgongo wangu. "Nitarudi kutembea?" nikauliza. Akasema, "Jumamosi ningekujibu."

Jioni ile nilikuwa ndani ya chombo cha chuma, tangi lililolazwa ubavu, dirisha lake duara. Humo hubanwa hewa kama uko chini ya bahari tena, kisha hushushwa polepole, saa baada ya saa, ukiwa na barakoa ya oksijeni. Masikio yaliuma. Nilitapika. Nilimwona mama kwenye dirisha, Mwanaisha akimnong'oneza. Niliuona uso wa mama ukijua. Sikuweza kutoka, wala kujieleza, wala kugeuka upande wa pili.

Niliingizwa mara nyingi. Mara ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu. Nilipotolewa mara ya nne kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza. Daktari alinitaka nirudie. Kikacheza. Akatoka nje, na Mwanaisha asema alimwona akifuta miwani.

Mama hakunisemesha siku sita. Alileta uji, akaninywesha, akaondoka. Ya saba alisema, "Siku nzima uliniacha nilie nikidhani kosa ni langu." Nikasema ndiyo. "Na ukaniacha niende mlangoni kwa Salma." Nikasema ndiyo. Akaweka bakuli la uji chini. "Radhi zangu nimekupa. Wewe mwanangu, nitakwenda nazo wapi? Lakini za Salma si zangu kukupa."

Miezi ilipita ya kujifunza kukaa, kusimama, kushika vyuma viwili na kuvuta mguu. Nilivaa nepi, mtu mzima na ndevu zangu. Mpira wa mkojo ukatolewa, nikalia kwa furaha ya kwenda haja mwenyewe. Siku nilipoweza kutoka nje kwa mkongojo, nilikwenda mlango wa mbele yetu. Kichochoro chetu chaweza kuvukwa kwa hatua nne. Nilitokwa na jasho kama niliyepanda mlima.

Nilikuwa nimesikia mambo. Wanawake walikuwa wakifunika watoto kwa leso Bi Salma akipita. Harusi mbili zilipita bila yeye kualikwa. Nilimwambia yote, nikaomba msamaha. Alinisikiliza huku akichambua mchele.

"Kuniambia mimi humu ndani kwanisaidia nini, Athmani? Mimi nilikuwa najua si mimi. Maji nilikupa, siyataki. Nirudishie jina langu."

Basi Ijumaa ile, watu walipotoka msikitini, nilisimama barazani nikasema mbele ya wote kama nilivyosema hapa. Na tangu hapo nikialikwa popote kueleza habari za ugonjwa wangu, sizianzi wala sizimalizi bila jina la Bi Salma.

Namshukuru Mungu, na Daktari Wekesa, na Mwanaisha ambaye amefua mengi kuliko nguo za kazi. Siku hizi kweli nasimama gatini. Nashika saa, nawahesabia wazamiaji muda wa kupanda, na akizama mtu simruhusu kupaa siku ile wala kesho yake, hata awe na harusi mawinguni. Na wewe uliye kitandani, daktari akikuuliza, mwambie. Kama kuna mtu chumbani unayemwogopa, mwombe atoke, lakini sema siku hiyo hiyo.

Mwezi uliopita binti yangu alijifungua. Mtoto alipotimiza siku arubaini, mama alimchukua, akavuka kichochoro mchana kweupe, majirani wakiwa madirishani, akamweka mikononi mwa Bi Salma. Bi Salma alimtazama mtoto muda mrefu, uso kwa uso. Hakuna aliyemfunika.