Bi Esha na Boti Zilizofunikwa

Nikutegee, msomaji wangu, nawe usikimbilie kujibu: akiwa chali hunibeba, akiwa kifudifudi hunificha. Ni nani huyo?

Jibu lako lishike mkononi, tushuke kwanza ufukweni, hapa Rumonge, upande wa Burundi wa Ziwa Tanganyika.

Jua linainamia milima ya Congo. Sikuzani Athumani, mwanamke wa miaka hamsini na saba, anageuza ndagala, dagaa wa ziwa hili, kwenye vichanja vyake kwa viganja, polepole, kama mtu achambuaye mchele. Ndagala aliyekauka vizuri hulia akiguswa. Aliye mbichi hukaa kimya. Ndiyo maana Sikuzani hufanya kazi hii kwa masikio zaidi kuliko kwa macho, na ndiyo maana yeye huwa wa kwanza kuusikia ule mlio.

Ko. Ko. Ko.

"Ameanza," anasema, bila kuinua kichwa.

Mbele kidogo, boti za mbao zimevutwa nchi kavu na kupinduliwa zipakwe lami. Mama yake, Bi Esha, anayekaribia miaka themanini, amesimama mbele ya boti ya kwanza katika kitenge chake safi. Amegonga mara tatu kwa kifundo cha kidole. Sasa anaweka sikio kwenye ubao.

"Upo?" anauliza, kwa sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kusikiwa na wa tatu.

Anangoja. Anatikisa kichwa. Anakwenda boti ya pili.

Hapo ufukwe mzima hunyamaza. Mwenye redio huizima. Wavuvi wanaotayarisha taa zao za usiku husimama na nyaya mkononi. Kijana mmoja, mgeni kutoka Magara, ndiye pekee anayethubutu kupiga kelele: "Bibi, hapo iko hakuna mutu! Walihama!"

Fundi Alimasi, mtengeneza boti, anamkata jicho. "We mutoto, funga kinywa. Hujui unamuita nani."

Kijana anacheka kidogo, anatazama nyuso za wenzake, kisha kicheko kinamfia.

Watu wa pwani hii wana mwiko ambao haujaandikwa popote. Boti iliyofunikwa ikigongwa nawe umo chini yake, usijibu. Fundi anayepaka lami ndani huzuia pumzi mpaka mgongaji apite. Ulianza baada ya ikiza, ndivyo wanavyouita hapa mwaka wa mauaji, wa sabini na mbili, magari ya askari yalipopita na kuondoka na watu ambao hawakurudi.

"Wengi walijificha chini ya boti," Alimasi anasema. "Wengine walijibu mlango ambao haukuwa wa kujibiwa. Sasa mimi nikisikia ko ko ko, hata kama ni Bi Esha, hata kama nimemwona kwa macho yangu akija, jasho linanitoka. Siku moja aligonga boti ambayo haina mtu. Nakuapia, mbao ilirudisha."

Ilirudisha nini? namuuliza.

"Ilirudisha," anasema, na kuokota brashi yake.

Sikuzani hakumbuki ni lini hasa mama yake alianza kupotea. Kwanza zilikuwa funguo. Kisha chumvi, mara mbili kwenye sufuria moja. Kisha asubuhi moja Bi Esha alimtazama bintiye aliyemzaa na kumsalimia kwa Kirundi, kwa heshima zote kama mgeni, "Amahoro, mama. Umetoka wapi?"

Majirani walisema ni uzee. Mmoja alisema ni majini ya ziwani. Shafii, mwana wa Sikuzani, anayefanya kazi katika nyumba ya wazee huko Ubelgiji, ndiye aliyesema kwenye simu jina ambalo hakuna aliyelijua hapa: Alzaima.

"Mama, ni ugonjwa," alisema. "Na zimetoka dawa mpya."

Neno hilo, dawa, lilimkosesha Sikuzani usingizi. Shafii anataka kumpeleka bibi yake nje kwa vipimo, kisha, akikubalika, Ubelgiji kwa matibabu. Amekwisha kuzungumza na watu. Kinachosubiriwa ni neno moja la mama yake: ndiyo au hapana.

Sikuzani alipanda gari na mama yake hadi Bujumbura kumwona daktari mmoja wa magonjwa ya kichwa, Dokta Roger. Daktari hakumficha kitu. Dawa hizo huingizwa kwenye mshipa wa damu, ama kila wiki mbili, ama kila mwezi. Haziponyi. Hupunguza mwendo wa ugonjwa kwa baadhi ya watu, tena kwa wale tu ambao ugonjwa wao bado ni mchanga. Wengine huvimba ubongo au kuvuja damu humo, kwa hiyo lazima wapigwe picha ya kichwa tena na tena.

"Sikukatazi, mama," Dokta Roger alimwambia. "Bila vipimo siwezi kusema kama amechelewa. Ila usitegemee kwamba kilichokwenda kitarudi. Dawa hairudishi. Inasimamisha kidogo, mahali mtu alipo."

Mahali alipo. Sikuzani alirudi Rumonge na maneno hayo kifuani kama mwiba wa samaki.

Maana mama yake huishi mahali pawili, na pote pawili si pa leo. Kuna siku za uhuru, na kuna siku za ikiza.

Siku za uhuru, Bi Esha huamka akiwa na miaka kumi na sita. Ni Julai ya mwaka wa sitini na mbili, ngoma zinalia, naye ameposwa na Athumani, fundi wa boti mwenye mikono inayonukia lami. Huimba. Hucheza mabega akiwa amekaa kitandani. Humuuliza bintiye, "Wewe shoga, kitenge changu cha sherehe umekiona?" na Sikuzani humfunga kitenge chochote kilichopo, wakacheka.

Siku za ikiza haimbi. Hutoka kwenda kugonga.

"Sasa dawa ikimsimamisha," Sikuzani anasema, akifagia magamba kwenye kichanja, "itamsimamisha wapi? Kwenye ngoma, au kwenye boti? Hilo dokta hakuniambia. Nadhani hata yeye halijui. Kumkosesha mama dawa ni dhambi. Na kumfungia pale pale miaka mingine, hiyo ni nini?"

Kipimo chake yeye mwenyewe ni vitendawili. Bi Esha anaweza kusahau kwamba amekula ilhali kijiko bado kiko mkononi, lakini ukimtegea, jibu hutoka kabla hujafunga kinywa.

"Nyumba yangu haina mlango," Sikuzani anamtega.

"Yai! Na wewe utafute kipya, hicho kina mvi."

"Nikitega akajibu, najua bado yumo ndani," Sikuzani anasema.

Kimoja tu hakijibu. Ni kile nilichokutegea mwanzo. Sikuzani alikijua tangu utotoni, bila kujua kilitoka kwa nani. Akiwa chali hunibeba, akiwa kifudifudi hunificha. Akikitega, Bi Esha hukaza midomo na kugeuza uso kwenye ziwa.

Kila mtu Rumonge aliamini kwamba Bi Esha anamtafuta mumewe. Ingekuwaje vinginevyo? Athumani alikuwa fundi wa boti, na Athumani ndiye aliyepotea. Sikuzani aliamini hivyo hivyo. Baba mwenyewe hamkumbuki. Alikuwa na miaka minne. Kitu pekee alichobakiwa nacho cha mwaka ule ni ndoto: giza, harufu ya lami, na mstari mwembamba wa mwanga karibu na mchanga.

Kila alipomuuliza mama yake, enzi za akili zake timamu, "Baba alikwenda wapi?" jibu lilikuwa lile lile: "Geuza ndagala, wataungua."

Juma lililopita Sikuzani alikwenda Gatete kumpelekea ndagala Bi Mariyamu, jirani yao wa zamani, ambaye sasa haoni ila kinywa chake kiko sawa. Akamweleza habari za Shafii, dawa, na boti.

"Anagonga ngapi?" Bi Mariyamu aliuliza.

"Tatu."

"Halafu anasema nini?"

"Anasema, Upo?"

Bi Mariyamu aliweka chini furushi la ndagala. Kisha alisema: "Mwanangu, baba yako alichukuliwa mchana, akiwa amesimama, mbele ya watu. Mama yako alimwona akipanda gari. Athumani hakuingia chini ya boti hata dakika moja."

"Basi anamtafuta nani?"

"Wewe."

Bi Mariyamu alimsimulia, na Sikuzani anayarudia maneno hayo kama alivyoyapokea. Magari yalipoonekana mara ya pili, Bi Esha alimwingiza binti yake chini ya boti ambayo Athumani hakuimaliza. Ili mtoto asilie, aliugeuza mchezo. Alimtegea kitendawili, jibu lake likiwa ile boti yenyewe iliyomfunika. Akamwambia asimjibu mtu yeyote mpaka asikie mgongo wa boti ukigongwa mara tatu na mama akiuliza, Upo? Hapo ndipo aseme, Nipo.

Kisha alikimbilia nyumbani kumtoa mama yake mzazi. Njia ikafungwa nyuma yake.

"Mimi nilikuwa kwenye matete," Bi Mariyamu alisema. "Nilikuona umetoa kidole kwenye mchanga. Nikakuvuta, nikakuziba kinywa, tukapanda mtumbwi wa watu waliokuwa wanavuka. Sikuwa na namna ya kumwambia Esha. Alirudi giza likiingia. Aligonga. Akauliza. Akagonga tena. Alipoinua boti akakuta kanga yako tu."

Walikutana Kigoma baada ya majuma kadhaa. Bi Mariyamu anasema Esha alimshika mwanawe, akamnusa kichwani, wala hakusema neno juu ya siku ile. Mpaka leo.

"Mama yako alikupata, lakini jibu hakulipata," bibi kizee alimaliza. "Akili iliposhika kila kitu, ililifungia lile. Sasa akili imeachia, lenyewe limetoka."

Sikuzani alirudi Rumonge kwa miguu sehemu ya njia, kwa sababu hakutaka watu kwenye gari wamwone uso.

Jioni inayofuata, vichanja vimekwisha kufunikwa na mama yake hajatoka bado, Sikuzani anakwenda kwa fundi Alimasi na kumwomba kitu kimoja: boti ya mwisho kwenye mstari, ile inayongoja lami, aiinue kidogo.

Alimasi anaelewa. Anarudi nyuma. "Dada, hapana. Mwiko ni mwiko. Ukijibu mgongo wa boti, anayejibiwa ni nani, unajua? Huenda si mama yako peke yake anayesikiliza."

"Najua."

"Na watoto wako?"

"Kaka yangu Alimasi," Sikuzani anamwambia, na kwa mara ya kwanza siku nzima anatabasamu, "kama kuna mwingine huko anayengoja kuitikiwa, basi naye amengoja sana. Inua."

Anakiri kwamba anaogopa, ila hofu yake si ya mizimu. Anaogopa kwamba atajibu, mama atatulia, kisha kesho atakuwa amesahau kwamba alijibiwa, na atatoka tena kugonga.

"Lakini dawa ya Shafii nayo si hivyo hivyo?" anasema. "Inanunua muda, wala hakuna ajuaye ni muda gani. Nimempigia asubuhi. Nimemwambia ndiyo, tutakwenda kwenye vipimo. Wakisema amechelewa, tutarudi nyumbani. Wakisema bado, watamsimamisha. Ila kwanza nimtoe pale. Sitaki wamsimamishe akiwa amekosa jibu. Na akigonga kesho, nitajibu kesho."

Alimasi na wavuvi wawili wanainua ubavu wa boti. Sikuzani anajikunja, anaingia. Ubao unashuka juu yake. Kutoka ndani, sauti yake inasikika mara moja, nzito: "Ni harufu ile ile."

Kwenye mchanga, kando ya ubao, umebaki ufa mwembamba wa mwanga, nao unazidi kuwa mwekundu kadiri jua linavyozama.

Bi Esha anakuja kwa mwendo wake. Boti ya kwanza. Ya pili. Anatazama nyuma, kama mtu anayechunga barabara. "Walishapita?" anauliza, na yule kijana wa Magara, ambaye tangu jana hajapata tena neno la mzaha, anasikika akijibu kwa adabu, "Ndiyo, bibi. Walishapita."

Bi Esha anasogea kwenye boti ya mwisho. Wavuvi wanarudi nyuma hatua kadhaa. Alimasi ameshika brashi isiyo na lami.

Ko. Ko. Ko.

Anaweka sikio kwenye ubao. Kitenge chake kinapepea, mkono mmoja umetandazwa juu ya mbao kama mtu apapasaye mgongo wa mtoto mwenye homa.

"Upo?"

Maji yanapiga mchanga, yanarudi. Hakuna kitu. Bi Esha anafumba macho. Mkono wake unaanza kuteleza kutoka kwenye ubao, kichwa kinaanza kutikisika kama kila siku, na mguu mmoja umekwisha kugeukia nyumbani.

Ndipo chini ya boti, kwa sauti nyembamba ambayo haifanani na ya mwanamke wa miaka hamsini na saba, mtu anajibu:

"Nipo, mama."