Kengele Iliyopanda Fizi

Juzi nilishuka mu muji ya Baraka, ndugu yangu, na miguu ikanipeleka yenyewe kule garaji ilikuwaka. Sasa pale iko kibanda cha kuchaji simu, na kijana moja amelala juu ya pikipiki. Lakini mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na ule udongo ukanuka mazuti, ile mafuta ya moteri, mazuti kabisa, kama vile fundi wa ile garaji aliimwaga jana. Vita ilipita pale, bantu bakavuka ziwa, bakarudia, bakavuka tena, na mazuti ingali chini inatungojea. Nilisimama nikanusa kama mbuzi. Kijana akaamuka: "Mama, unaleta simu?" Nikamuambia apana, naleta pua.

Tukacheka. Kisha nikasikia haya, nikaenda pembeni. Kuna kitu ya ile garaji nimesimulia mara mia tano, mu mitumbwi na sokoni, na bantu banachekaka mpaka banashika tumbo. Nasimuliaka nusu. Leo nitakuambia nusu ingine.

Inchi ilikuwa ingali inaitwa Zaire. Garaji ilikuwa mabati sita juu ya miti, na mifupa ya magari ilijaa chini yake kuliko mifupa ya samaki nyuma ya nyumba yetu. Fundi alikuwa muntu mufupi mwenye mikono mikubwa. Buloni, ile skrubu nene, yenye banaume batatu bameshindwa, yeye aliifungua na kidole moja. Niliona na macho yangu. Sawa, vidole mbili. Toka asubuhi ulisikia nyundo, ulisikia yeye akitukana moteri kama vile ni shemeji yake, kisha akiibembeleza.

Koko yangu, mama ya mama, njo alimupikiaka fundi na bantu yake. Asubuhi mi nilitwanga sombe, majani ya muhogo, pu! pu! pu!, mpaka jasho inaingia mu kinu na koko anasema chumvi imetosha. Saa ya midi, saa sita, nilibeba beseni kichwani: bugali ya muhogo, sombe ya mawese, ndagala, bale samaki badogo, juu, na kikwembe ya kufunika. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na shingo kama nguzo. Ekole ya kusomea sikuijua sana. Niliingia na mulango, nikatoka na dirisha. Garaji njo ilikuwa ekole yangu.

Fundi aliokota mwili wa kijipu cha zamani chenye bazungu ba kampani ya pamba baliacha mu majani, na ndani yake akaingiza moteri ya kamioni, ile lori kubwa. Ya kamioni, ndugu yangu! Bantu bakakuja kuangalia, bakacheka: "Fundi, unavalisha panya kichwa ya ng'ombe!" Yeye akajibu: "Mucheke tu. Siku huyu panya atapanda Fizi, kule mulimani, bang'ombe benu batalala njiani." Alipoiwasha mara ya kwanza, ililia mpaka viboko ba ziwa bakahamia Tanzania, na moshi yake ikafanya kuku zote nyeupe za mutaa kuwa nyeusi. Jirani yetu alitafuta kuku yake wiki nzima, na kuku iko inamuangalia. Tukaiita Radi.

Shida ilibaki moja: janti, ile chuma ya duara yenye inavaaka pine, mupira ya gari. Tatu zilikuwa, ya ine ilipasuka, na ingine ya namna ile haikupatikana, hata Uvira. Miezi na miezi Radi ikakaa na muguu moja juu ya mawe. Fundi akaanza kurudisha bugali nusu. Koko akauzunika sana. Kwake, muntu mwenye kuacha sombe yake ni wa kuombea. Na mi, fundi alishaniambia: "Siku itatembea, we utakaa mbele, karibu na mimi." Mutoto mwanamuke, mbele, mu gari! Nililala na ile neno kila usiku.

Sasa, kanisa yetu haikuwa na kengele ya bazungu. Ilikuwa na janti ya gari, imetundikwa na munyororo, na muzee moja aliipiga na nondo. Alikuwa na namna ya kuita ibada, namna ya kuita batoto ba ekole, na namna ingine, pole pole, ya kusema muntu amekufa. Koko alisema sauti yake inafikaka mpaka kijiji ya Lubondja. Muzee alikaa mu nyumba ya kanisa na muke yake na katoto kamoja. Kila jumamosi aliitelemusha kengele, akaisugua na muchanga na majivu, akaiacha ikauke mu jua, na yeye akaenda kuoga ziwani.

Siku ya Mungu moja, jumapili, niko kanisani, mahubiri inaenda, inaenda, na mi nikahesabu matundu ya buloni ya kengele kupitia dirisha. Sita. Sawa sawa na ya Radi.

Jumamosi yenye ilifuata, saa ya jua kali, nilikuwa narudia na beseni tupu. Janti iko inakauka. Muzee iko ziwani. Nikaiweka mu beseni, nikavunja matawi ya sombe mu shamba ya kando, nikayatupa juu, nikajitwika, nikarudia garaji. Shingo ilitaka kuingia tumboni. Njiani mama moja akaniuliza: "Ni sombe gani hiyo inakukunja hivyo?" Nikamujibu: "Ni ya koko, mama. Koko hapendaki majani nyepesi." Akacheka mpaka akaniachilia njia. Ile njo nusu yenye nasimuliaka.

Fundi akaangalia janti, akaniangalia mimi. Nikamuambia ni ya kwetu Lubondja, kuku zilikuwa zinanywea maji ndani.

"Kuku zenu," akasema, "zinanyweaka maji mu kitu yenye kutoboka katikati?"

Nikaanza kuokota matawi ya sombe mu beseni. Fundi akatafuta rangi nyeusi, akaipaka mbio mbio, bila hata kunawa mikono.

Siku ya Mungu kengele haikulia. Muzee alizunguka kuuliza nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwetu, miguu nyeupe na vumbi. Koko akamupa maji ya kunywa. Mi nilikuwa nyuma ya kinu. Kamati ya kanisa ikakaa, na haikukaa sana. Nani alitelemusha kengele? Ni yeye. Nani aliiacha? Ni yeye. Muntu moja akasema muzee anapendaka kasiksi, ile pombe ya ndizi, basi hakika aliiuzisha kwa bantu ba mitumbwi. Juma ile ile bakamufukuza mu kazi na mu nyumba. Mi nilikuwa najua. Nilikula, nililala, niliruka kamba na benzangu.

Na sasa sikia. Gari yenye ilimurudisha kwao Fizi ilikuwa Radi. Ilikuwa safari yake ya kwanza, na fundi alipandisha kila muntu mwenye alitaka kupanda. Mi mbele, muwa mukononi, naaga Baraka kama muke ya gavana. Nyuma, muzee na mukeka, sufuria mbili, muke yake, na katoto mugongoni.

Tulipanda kama jiwe ya manati. Katikati ya mulima, pine ikatoboka. Bantu bote bakashuka. Fundi akafungua, akavua pine ili atie kiraka, na janti ikamuponyoka ikaanguka juu ya jiwe.

Ngooooo.

Ndugu yangu, hata ndege balinyamaza, na hapo siongezi kitu. Muzee alikuwa amekaa kando ya barabara. Akasimama, akakuja, akaweka mukono juu ya ile rangi nyeusi mpaka chuma ikanyamaza, namna alifanyaka kila ibada. Akasema, sauti ndogo: "Hii ni yangu."

Fundi akamujibu bila kumuangalia: "Muzee, janti zote zinaliaka hivyo."

Mama moja akapiga kelele: "Aliiuzisha, na sasa anaisikia kila pahali! Kesho ataisikia mu sufuria!" Bantu bakacheka.

Muzee hakubajibu. Alinigeukia mimi. "Mutoto, we unakaaka pa dirisha kila ibada. Unajua sauti yake. Ni yo?"

Neno moja tu njo alikuwa anaomba. Nikaangalia kiti yangu ya mbele. Nikasema: "Apana, muzee. Ya kwetu ilikuwa na sauti nzuri." Na nikacheka, kwa sababu bakubwa balikuwa banacheka.

Akarudia kukaa chini. Tulipofika Fizi alishusha vitu yake kimoja kimoja, na akamuambia fundi aksanti kwa safari.

Basi ile siku ya juzi yenye nilinusa mazuti, sikulala muzuri. Asubuhi nikakamata moto, ile pikipiki ya kubeba bantu, nikapanda Fizi. Nikauliza bantu: muzee alishakufa, na muke yake pia. Lakini kale katoto ka mugongoni sasa ni mama mwenye miwani, anauzisha maharagi sokoni. Nikasimama mbele ya meza yake nikamuambia yote: jumamosi, rangi, mulima, na ile neno yenye nilimujibu baba yake. Siku moja katika maisha yangu, sikutia hata chumvi.

Akanisikiliza na mikono mu maharagi. Kisha akacheka, pole pole, bila ubaya.

"Ee mama, nakujua. Ni we yule mama wa mastori. Banasema unachekeshaka bantu hata mu kilio."

"Hii si stori, dada. Ni mi njo niliiba."

"Aksanti. Unamutetea baba kwa sababu uko na roho nzuri."

Nikatafuta muntu wa kuita aseme ndiyo, ni kweli. Fundi alivuka ziwa wakati wa vita, hakuna mwenye alimuona tena. Radi, basoldati baliichukua, ikaishia wapi sijui. Koko iko chini ya udongo. Kanisa balijenga ingine ya matofali, na batoto benye banaimba ndani hawajui hata kama kulikuwa muzee. Bale bote balicheka pale mulimani bamekwisha. Nimebaki mi peke yangu, na mi ni muntu mwenye kusema kuku ziligeuka nyeusi.

"Baba alikataa mpaka siku ya mwisho," akasema. "Alikuwa analala pale kitandani, anakataa tu, anatuapia. Lakini pombe, mama, pombe inafanyaka muntu asijue kitu alifanya. Usisumbuke." Akanishika mukono. "Siye batoto yake, mi na bale balizaliwa huku, tulishamusamehe."

Kisha akaniuliza kama nimekula.