Nusu Fainali Dhidi ya Dada

Asubuhi ya nusu fainali ya mkoa, dada yangu alikaa mkekani akajifunga goti kwa bandeji, mimi nikichemsha mihogo. Tangu mama afariki tulikuwa tunaishi nyumba moja mtaani Chikongola, ila timu zetu zilikuwa tofauti. Yeye ndiye aliyenifundisha mpira wa kikapu. Goti liliumia alipokanyaga shimo shambani kwetu, kijijini Ziwani, wakati wa kuokota korosho, na halikupona sawasawa.

"Leo mtaniletea mpira ndani," alisema bila kuinua macho.

"Anayepanga ni kocha, dada."

"Hata mimi ningepanga hivyo. Usinihurumie, mdogo wangu."

Kocha wetu, mama mmoja mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa, alikuwa ameangalia mechi zao zote. Walinzi wao wa mbele walikuwa wakali. Kurusha kutoka mbali ilikuwa kupoteza mpira. Lakini chini ya kikapu alikuwepo dada tu, na wenzake hawakuwa na desturi ya kurudi kumsaidia.

Kabla ya mechi kocha alinivuta pembeni. "Dada yako hawezi kugeukia kushoto. Si kweli?"

Niliinama nikakaza kamba za viatu.

"Basi, usinijibu. Nimeona mwenyewe. Mpira uingie ndani kwako. Akitoka kukukaba, mpenyezee mwenzako aliye nyuma yake."

Ndivyo tulivyocheza. Nilipokea mpira nikiwa nimempa dada mgongo, nikamsikia anavyohema, nikazunguka upande aliouogopa. Mara nilifunga mwenyewe. Mara alinifuata kwa shida, na mwenzangu akabaki peke yake karibu na kikapu. Robo ya tatu alichelewa kugeuka, akanipiga mkono, nikaanguka. Ilikuwa faulo yake ya tano, ya kumtoa mchezoni. Mwamuzi alipomwonyesha nje, dada aliniinua kwanza, akanipangusa vumbi begani, ndipo akaenda benchi akichechemea.

Tulishinda. Wenzangu walipokuwa wakikumbatiana, nilikwenda kukaa kando yake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kuna wakati ulisita," alisema. "Fainali usisite."

Nilitaka kumwomba radhi, nikaona nitamvunjia heshima. Nikamshika mkono tu.

Fainali tulifungwa. Msimu uliofuata, walinzi wa timu yake walijifunza kurudi kusaidia ndani. Dada alikuwa ameshaacha kucheza.